Kigoda cha Kisimani

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana watu wa hadithi hii walikauka koo.

Zimwi lilikalia kigoda chake cha uchawi kisimani, likazuia maji. Wanawake, wakiongozwa na Nyamvula, wakaitwanga ardhi kwa michi. Siku ya kwanza zimwi likacheka. Ya pili likatetemeka. Ya tatu likatimua mbio.

Vigelegele! Kwao shujaa hukalishwa, basi wakamkalisha Nyamvula kwenye kigoda kile kile.

Mwanawe akaja na kata. "Mama, nina kiu."

"Kwanza piga magoti," akasema Nyamvula, na kucha zikamrefuka.

Jirani yake, Mbeyu, akaokota mchi huku akilia. "Jamani, zimwi tumelifukuza, kigoda tumekiacha!"

Hadithi imeishia hapo. Kiu bado.