Mzega wa Kazima

Nimeshasema sitaki kuulizwa mambo ya redioni. Mmekaa hapo uani mnabishana tangu chai ya asubuhi, huyu anasema joto hili limeletwa na watu, yule anasema ni jua tu limeamua, na redio nayo imewaweka mabwana wawili waongee kwa zamu, mmoja ndiyo, mmoja labda, kisha unapigwa muziki. Halafu mnanigeukia mimi: bibi, tupe hadithi. Nina kunde za kuchambua. Na hadithi ninayoijua ya jambo hili haina sungura wala haina harusi mwishoni, na kila nikiisimulia inaniharibia siku. Lakini mmeshakaa. Basi kaeni, na atakayecheka atachambua kunde hizi peke yake.

Hapo zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, kulikuwa na nchi ndani ya bonde, milima imeizunguka pande zote kama ukingo wa bakuli. Bonde hilo lilikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza, kisima cha maji ya chumvi. Cha pili, chemchemi ya maji matamu, jina lake Kazima. Aliyezaliwa pale alioshwa kwa maji ya Kazima, na aliyekufa pale aliogeshwa kwa maji hayohayo.

Chumvi ilipikwa, msidhani ilitoka kwenye pakiti. Unachota maji ya chumvi, unajaza chungu, unakoka moto, unachemsha mpaka maji yaishe na chumvi ibaki chini. Chungu kimoja kinakula mzigo mzima wa kuni. Mkubwa wa wapishi wa chumvi aliitwa Gindu. Baba yake alikuwa na vyungu sita. Gindu alipoachiwa kazi akaweka sitini. Akaona sitini ni vichache, akaweka mia mbili. Milima ikanyolewa. Moto haukuzimwa msimu mzima, na moshi, kwa kuwa bonde lenyewe ni bakuli, haukupata pa kwenda. Ukakaa juu. Msiniulize moshi unaletaje joto. Jifunikeni blanketi mchana wa Oktoba, mkae humo, kisha mje mnisimulie nyinyi.

Wapishi wa chumvi walikuwa na desturi yao. Walikuwa na kamba ya gome la mti, na kamba hiyo ilishikwa na mwanamke mmoja wa ukoo. Mvua ya mwisho ikishanyesha, mwanamke huyo anaweka kigae chenye maji ya chumvi juani, mbele ya mlango wake. Hakipikwi, kinaachiwa jua peke yake. Kila siku inayopita anapima kwenye kamba upana wa punje moja ya mtama. Siku chumvi inapoganda yenyewe kwenye kigae, anapiga fundo. Jua likiwa pole, siku ni nyingi, nafasi kati ya fundo na fundo inakuwa ndefu. Jua likiwa kali, siku ni chache, nafasi inakuwa fupi. Mwaka mmoja, fundo moja. Ndivyo walivyojua waanze kupika lini.

Enzi za Gindu, kamba ilishikwa na shangazi yake, Nyanzobe. Aliipokea kwa shangazi yake, naye kwa shangazi yake. Na Nyanzobe aliona. Mwaka wa kwanza wa vyungu mia mbili aliona, akanyamaza, akasema labda ni mwaka tu. Wa pili akanyamaza. Wa tatu akaenda kwa Gindu, akamwekea kamba mapajani.

"Baba," akamwambia, maana Gindu alibeba jina la baba yake Nyanzobe, "mafundo yanakaribiana."

Gindu akaipitisha mkononi mara moja. Alielewa. Amelelewa nayo, asielewe vipi? Akairudisha. "Shangazi, kamba hii ni ya kupikia chumvi. Si ya kuonyesha watu."

Nyanzobe akaitia kamba ndani ya mtungi, akafunika. Na kila wiki kapu lake la chumvi lilifika mlangoni, limejaa kuliko zamani.

Sasa alikuwepo Limi. Limi aliishi na baba yake, mzee Sungwa, macho hayaoni na miguu haimfikishi hata zizini. Lakini Kazima ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na mzee aliweza kujikokota mpaka pale, akaoga, akanywa, akarudi, bila kumwomba mtu yeyote. Zamani Limi alijaza mtungi wake wakati jirani anatwanga kinu kimoja cha mtama. Miaka ikaenda, mtungi ukawa unajaa kwa vinu viwili. Kisha vinne. Na Limi alijua jambo moja: Kazima ikikauka, maji yaliyo karibu ni mtoni, mwendo wa siku mbili nje ya bonde, na baba yake hafiki.

Akaenda kwa mtemi. Mtemi aliitwa Kapela, mtu mpole, mtu wa haki. Nchi nzima ilimsifu kwa haki. Kapela akaitisha baraza kwenye uwanja wa kuanikia chumvi. Limi akaeleza habari ya mtungi na vinu, akasema joto la moshi linaikausha Kazima, akaomba moto upunguzwe. Gindu hata hakusimama. Alimsimamisha Kasanda.

Kasanda alikuwa mpiga mbiu wa nchi, na chumvi ya nyumbani kwake ilitoka kwa Gindu. Ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi inauma. Kasanda akaja amejifunga ngozi mbili za ng'ombe, anatetemeka kwa makusudi, anagonganisha meno. Akaomba kijinga cha moto apate kuota. Akasema ameambiwa kuna joto limeingia nchini, ameamka alfajiri kuja kulitafuta, aliyelificha amgawie kidogo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Limi amesimama pale katikati na mtungi wake.

Walipomaliza kucheka, Kasanda akavua ngozi, akageuka mtu mzima mwenye busara. Sikilizeni vizuri alichosema, maana hakusema moshi hauleti joto. Mjanja yule. Alisema, "Bado hatujajua."

Basi. Maneno mawili. Kapela akasema amewasikia wote, kila mmoja amepewa nafasi yake, haki imetendeka, tukutane msimu ujao.

Msimu ujao wakakutana. Limi akasema vinu sita. Kasanda akasema bado hatujajua. Kapela akasema msimu ujao.

Msimu ule wakakutana tena. Limi akasema vinu tisa. Kasanda akasema bado hatujajua. Kapela akasema msimu ujao.

Na baraza likivunjika, watu wanapita kwa Gindu kujaza makapu, kwa kuwa wameshafika uwanjani, warudi mikono mitupu kwa nini? Wengine walikuja barazani kwa ajili ya Kasanda tu. Walimwona ni burudani. Hapo ndipo ninapotamani ningekuwepo na mwiko wangu.

Ikafika mwaka kigae cha Nyanzobe kiliganda chumvi kwa siku kumi na moja. Shangazi yake alikuwa akingoja siku arobaini. Mama yule akashindwa kulala na mtungi ule chumba kimoja. Akatoa kamba, akaja nayo barazani, akaitandaza chini mbele ya watu wote. Akawaeleza inavyosomwa. Akawaambia imekaa mafichoni miaka saba.

Kasanda akaiokota kabla ya wengine. Akauliza, kwa upole kabisa, mtu aliyewaficha jana watamwaminije leo. Kisha akaipekua kamba mpaka karibu na mwanzo, akainua juu sehemu moja. "Hizi ni enzi za mababu. Oneni, mafundo mawili yamebanana. Gindu alikuwa hajazaliwa. Nani alipika vyungu mia mbili siku hizo?"

Watu wakaguna. Wengine wakapiga makofi. Ulimi ule, kama ungekuwa wa ng'ombe ungelisha kijiji.

Mzee Sungwa alikuwepo siku hiyo, Limi amemleta mgongoni. Akaomba apewe ile kamba. Akaanza mwanzo, akaipitisha vidoleni polepole, fundo kwa fundo, uwanja mzima unangoja. Alipofika mwisho akarudi tena nyuma kidogo, akarudia, kama mtu asiyetaka kusema anachosema.

"Huku mwanzo yamebanana mawili," akasema. "Huku mwisho ni yote."

Hakuna aliyepiga makofi. Kapela akashusha pumzi. Akasema jambo hili ni zito, mzee amesema lake, na Kasanda naye amesema lake. Tukutane msimu ujao.

Msimu ujao hakukuwa na cha kukutania. Limi alitega mtungi asubuhi, vikatwangwa vinu kumi na tano, akauinua, ndani mna unyevu tu. Nchi nzima ikafunga mizigo kuelekea mtoni. Limi akambeba baba yake begani. Siku ya kwanza mzee alikunywa maji ya kibuyu. Siku ya pili kibuyu kilikuwa kitupu, akamwuliza binti yake kama wameshauvuka mlima. Limi akamwambia bado kidogo. Hakuuliza tena. Walipofika, wakamwogesha kwa maji ya mto, maji ya ugenini, na wakamzika kwenye udongo asioujua. Hapo siongezi neno.

Limi akadai malipo. Na desturi ya watu wale ilikuwa hivi: ukikausha maji ya mtu, hulipi kwa mbuzi wala kwa jembe. Unalipa kwa bega. Wazee wakakata mzega wa mninga mbichi, mti mzito, wakatundika mitungi miwili, mmoja kila ncha. Mwenye hatia atauweka begani asubuhi na jioni, atashuka mtoni, atapanda ule mteremko mkali mpaka makazi mapya, atampelekea maji kila mzee asiyeweza kushuka. Ataubeba mpaka siku Kazima itakapotiririka tena. Wakaulaza chini, wakasema, mwenye nao aje auchukue.

Macho yakamwendea Gindu. Gindu akasema, "Nani kati yenu niliyemfumbua kinywa nikamtia chumvi? Mlikuja na makapu. Moto ulikuwa wangu, tumbo lilikuwa lenu. Na wa kuniambia nizime alikuwa mtemi. Hakuniambia."

Macho yakaenda kwa Nyanzobe. Akasema yeye alimwambia anayemlisha, angemwambia nani mwingine? Angesema hadharani siku ile, wanawe wangelala nje. Tena mwishoni alisema, na hakuna aliyemsikiliza. Akalia. Mimi machozi yake hayanigusi, lakini alilia.

Kasanda akasema yeye hakupika chungu hata kimoja. Hakuficha kamba. Aliuliza maswali. "Tangu lini kuuliza kukakausha maji?" Kisha akamgeukia Limi. "Na wewe, mwanangu. Kitoweo cha mzee marehemu kilikaangwa bila chumvi?"

Limi akamtazama. "Nilikula," akasema. "Chumvi nyingine ilikuwa wapi? Nilikula, na nikasimama pale kila msimu nikasema. Wewe ulikula ukasimama ukacheza."

Akabaki Kapela. Mtemi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, kwamba hakuna aliyewahi kumnyima zamu. Limi alipewa zamu. Kasanda alipewa zamu. Kama hilo ni kosa, basi kiti cha utemi chenyewe ni kosa. Hata mimi, mwenye madarasa mawili, najua tofauti ya kumpa mtu zamu na kuamua. Yeye hakuijua, au aliijua.

Wakabishana. Watu nao wakaingia, huyu na Gindu, yule na mtemi, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na hakuna aliyekitazama kidole chake kilivyoshika kapu. Maana ilikuwa siku ya tatu tu tangu wafike, na upande wa chini wa mto, mahali Gindu alipokuwa amegundua udongo wenye chumvi, moshi ulishaanza kupanda. Mchana ule wote walikula samaki wa mtoni. Samaki alikuwa na chumvi. Nani aliyeiweka, hamna aliyeuliza.

Jua likaanza kuteremka. Kwenye vibanda vipya wazee wakawa wanaita maji. Kwanza mmoja, kisha wawili, kisha wengi, kwa zile sauti za watu wasiotaka kusumbua. Barazani ubishi unaendelea. Kasanda akawa anaanza kusema kwamba bado haijulikani.

Limi akasimama. Akapita katikati yao, akainama, akauweka ule mzega begani. Bega lilelile lililombeba baba yake. Akashuka nao mtoni. Alipopanda, mitungi imejaa, walikuwa bado wanabishana, na wakampisha njia bila kukatiza maneno. Kesho yake asubuhi akashuka tena. Na jioni. Kazima haikurudi, kwa hiyo malipo hayakwisha. Aliubeba mpaka bega likaingia shimo, na alipokufa akaubeba mtu mwingine ambaye naye hakuwa na chungu, wala kamba, wala ulimi, wala kiti.

Hayo ndiyo malipo, na yule ndiye aliyelipa. Sasa zimeni hiyo redio mnijibu. Gindu aliyewasha moto. Nyanzobe aliyefunika mtungi. Kasanda aliyewachekesha. Kapela aliyewapa wote zamu. Na wale wenye makapu, nao msiwasahau, mnawafahamu vizuri sana. Je, mzega ule ulistahili bega la nani?