Kwa Nini Kilimahewa Huuliza, "Huyu Kaalikwa?"

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni ambembeleze huku akisikiliza.

Zamani, simu zilipokuwa za kubonyeza tu na hazina picha, mtaa wote wa Kilimahewa ulikuwa na kompyuta moja. Ilikaa katika chumba cha akina mama washonaji, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jagi la maji ya wageni. Kioo chake kilikuwa kipana na cheupe. Aliyeitunza ni Somoe, mama mdogo wa umri na mpole kupita kiasi. Hata kuku wa jirani akiingia jikoni kwake, alimtoa kwa kumwomba radhi.

Mdogo wake, Tabia, alikuwa ameolewa mbali, Bukoba, na huko akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina mpaka mkubwa wa ukoo alitazame paji lake la uso, aseme amefanana na nani kati ya waliotangulia. Mkubwa huyo alikuwa bibi yao, Bibi Nantende, na miguu yake haikuiweza tena safari ya basi. Basi mtoto akawa anaitwa Mgeni tu. Siku zikaenda, arobaini ikawa kesho, na wembe haupiti kwenye kichwa kisicho na jina.

Tabia akapiga simu akilia. "Dada, mama mkwe amesema Bibi akishindwa leo, jina atatoa yeye. Na analo tayari, liko ncha ya ulimi."

Somoe alikuwa amesikia habari za programu ya bure inayowaonyesha watu nyuso zao wakiwa mbalimbali. Akamwambia Tabia aende na mtoto kwenye duka la intaneti, naye akamshika Bibi mkono, wakaingia chumba cha ushonaji.

Programu ikaanza kujipakia. Ikatoa ukurasa wenye maneno madogo kama mchanga. Chini yake palikuwa na kisanduku kilichokwisha tiwa alama ya vema, na kitufe cha kuendelea.

"Inasemaje?" akauliza Bibi.

"Imekuja na mwenzake, Bibi. Inauliza kama naye aingie."

"Sasa hilo nalo la kuuliza? Mgeni haulizwi kaja na nani. Mkaribishe!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Kilimahewa, na Somoe hakuwa mtu wa kuivunja. Akabonyeza. Ukaja ukurasa mwingine, na mwingine, na kila ulipokuja akina mama waliitikia kutoka kwenye vyerehani vyao, "Karibu! Karibuni ndani!"

Programu ilipofunguka, juu ya kioo palikuwa pamekaa utepe mrefu wenye vitufe. Chini yake utepe wa pili, wa michezo. Chini yake wa tatu, wa hali ya hewa. Tepe zikazidi kupangana kama marinda ya gauni la bibi harusi, hata nafasi ya picha ikabaki nyembamba kama rula.

"Naona kidevu," akasema Bibi. "Paji liko wapi?"

Tabia akamshusha mtoto, lakini kompyuta ilikwisha choka kwa mizigo ile. Picha ikaganda pale pale kidevuni.

"Kidevu hicho ni cha mjomba wenu Likwata," akadakia Asumini, fundi wa magauni. "Mpeni jina la Likwata, tukale pilau!"

"Likwata!" akang'aka Bibi. "Yule aliyeuza mbuzi wa msiba?"

Watu wakacheka. Somoe hakucheka. Machozi yalikuwa yakimlenga. Akatafuta mahali pa kuondolea vitu, akaugusa utepe wa hali ya hewa. Ukamwandikia: Una hakika unataka kuniondoa? Akamgeukia Bibi.

"Bibi, ananiuliza kama nina hakika. Nitamjibuje, na mimi ndiye niliyemkaribisha?"

Bibi akauliza, "Anafanya kazi gani humu ndani?"

"Anataja hali ya hewa."

"Ya wapi?"

"Ya mji wenye theluji."

"Theluji!" Bibi akaguna. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mgeni wa kweli hubisha hodi mwenyewe. Huyu kaingia mgongoni mwa mwenzake kama kupe na mbuzi, nasi tukamvutia kiti. Mwambie hukualikwa."

"Hukualikwa," Somoe akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kisha akabonyeza. Utepe ukatoweka, kioo kikapanuka.

Akaugusa wa pili. Safari hii akageuka, akawauliza wenzake, "Huyu kaalikwa?"

"Hakualikwa!" wakajibu, na vyerehani vyote vikasimama.

Wakaenda hivyo, utepe baada ya utepe, mpaka wa mwisho. Mara picha ikatikisika, ikatembea, na uso wa mtoto ukajaa kioo chote. Paji lilikuwa pana, lina kibonyeo kidogo juu ya jicho la kushoto. Bibi akainama hata pumzi yake ikatia ukungu kiooni.

"Nalinga," akasema. "Baba yangu mzazi, na kibonyeo chake."

"Nalinga!" akaitikia Tabia kule Bukoba, na nyuma yake ikasikika sauti ya mama mkwe: "Jina zuri. Langu nitampa ndama."

Vigelegele vikapigwa. Somoe akajibwaga juu ya robota la vitambaa, akashusha pumzi, akacheka mpaka akajifuta macho.

Na tangu siku hiyo, Kilimahewa hakuna abonyezaye kimya kimya. Kitu cha bure kikija, kurasa zake husomwa kwa sauti, pamoja na yale maneno madogo. Kila kwenye kisanduku chenye alama, msomaji huuliza na chumba chote humjibu, alama ikafutwa, ndipo wakaendelea. Wageni wenye miguu bado huingia bila kuulizwa, na sufuria huongezwa maji. Lakini mwenye mtu wake wa mbali, akija kumtazama, humwona uso mzima.