Kiti cha Mkunga Atupele

Kiti hakipimwi kwa makalio ya fundi. Mmelisikia neno hilo asubuhi, wajomba zenu walipokuwa wakimchagulia bibi kitanda bila kumwuliza, nanyi mkacheka. Tulieni basi, niwaambie lilikoanzia.

Alikuwako Tukuyu mkunga mstaafu aliyeitwa Atupele. Marehemu mumewe alimwachia pikipiki kubwa ya safari, yenye mabegi ubavuni na kiti cha watu wawili. Dada yake mkubwa alikuwa mgonjwa huko Rukwa, katika kijiji kisichofikiwa na basi, naye Atupele akaazimia kumfuata kwa pikipiki hiyo. Tatizo lilikuwa kiti. Kilikuwa kipana na cha juu, naye ni mfupi. Kabla hajafika hata Mbeya kiuno kilikuwa kikimwaka moto. Akaamua kufungiwa kiti cha mtu mmoja, chembamba mbele, chenye egemeo la mgongo.

Kazi akampa Mwasenga, fundi wa viti, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, na mpole mno. Mwasenga hakumpima. Alikata sponji, akaivisha ngozi, akakifunga kiti, kisha akapanda mwenyewe na kujinyoosha.

"Hili godoro, mama," akasema. "Utasinzia njiani."

Atupele hakusinzia. Kingo za kiti zilimkata mapajani, na aliposimama kupisha ng'ombe miguu haikugusa chini; akaanguka mtaroni pamoja na pikipiki. Alirudi kwa fundi na tope mpaka kwenye kilemba.

Mwasenga akapanda tena, akakibonyeza-bonyeza. "Mbona kiko sawa?"

Akapunguza hapa, akaongeza pale. Kila alipokikabidhi, alikuwa amekikalia yeye na kuridhika yeye. Atupele akarudi, akaenda, akarudi, huku habari za Rukwa zikizidi kuwa mbaya. Dada alikuwa amekataa chakula, na kila mara aliuliza kama mdogo wake ameshatoka.

Siku moja Atupele aliingia karakana, akapanda juu ya pikipiki, akakataa kushuka.

"Fundi, kiti hiki ni cha nani?"

"Chako, mama."

"Mbona kinakufaa wewe peke yako? Tangu nije hujanipima hata kwa kamba."

Mwasenga akainamisha kichwa. "Mama, nakuheshimu. Nitamwambiaje mtu wa umri wako akae, nimtazame huko nyuma?"

Atupele akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe ni hilo. Mwasenga, wanao wote nimewapokea kwa mikono hii. Mkeo angenionea haya, wangezaliwaje? Lete kamba."

Fundi hakuleta kamba tu. Alileta udongo wa mfinyanzi uliolainishwa, akauweka juu ya fremu, akaufunika kwa gunia, akamwomba akae kama akaavyo safarini. Aliposhuka, Mwasenga alilitazama umbo lililobaki. Kisha akakifumua kiti chote na kukikata upya kwa kufuata alama ile.

Safari hiyo Atupele alifika. Alimkuta dada yake angali hai, amekonda, na swali lake la kwanza likawa kwa nini amechelewa. Atupele, ambaye hasira zilikuwa hazijamwisha, akamsimulia kila kitu, akamalizia kwa sentensi moja. Mgonjwa akacheka mpaka akaomba maji, na baada ya maji akaomba uji. Waliokuwamo chumbani wakatoka na sentensi ile, wakaitawanya mpaka ikatufikia sisi: kiti hakipimwi kwa makalio ya fundi.