Debe la Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama watu waliofunga siku tatu? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya, hapo mmenijibu. Mikono iendelee kuchambua mchele, masikio nipeni mimi. Na wewe Mize, changarawe zitupe pembeni, usizirudishe kwenye ungo.

Hapo kale walikuwako majirani wawili, Bwana Kiboko na Bi Pimbi. Kiboko alilima bondeni, Pimbi alilima juu kwenye mawe. Mwaka huo mvua ikakataa. Kwa Pimbi halikuota hata jani. Kwa Kiboko ghala lilijaa mahindi mpaka mlango haufungi.

Pimbi alikuwa na watoto watatu, na ilikuwa siku ya pili hawajatia kitu mdomoni. Matumbo yalikuwa yanaunguruma, nguru, nguru, nguru. Mtaniuliza, si angekwenda kuomba? Kuomba kwa Kiboko kulikuwa na mambo yake. Kobe alikwenda wiki iliyotangulia. Kiboko alimpa boga moja, akamwambia, "Lizungushe kijijini mara tatu, na kila mlango useme nani kakupa." Kobe wa watu akazunguka, kichwa amekificha ndani ya gamba. Alipofika kwake boga halikupita kooni. Tangu siku hiyo watu wakaona afadhali njaa. Njaa unalala nayo ndani kwako, aibu unatembea nayo barabarani.

Basi Pimbi akatoa kiganja kimoja cha kunde, cha mwisho, alichokuwa amekiweka kwa mbegu. Akazichemsha, watoto wanamtazama. Akazifunga kwenye jani la mgomba, akazitia ndani ya debe la bati, kubwa kuliko yeye mwenyewe, akalifunika kawa.

"Mama, na sisi?" akauliza mdogo wao.

Pimbi akajitwika debe akatoka, ungemwona ungesema debe limeota miguu.

Njia ya kwa Kiboko inapita kisimani, na asubuhi kisimani wote wapo.

"Bi Pimbi, wapi na debe hilo?" akauliza Kanga.

"Kwa jirani yangu Bwana Kiboko. Nimepika kidogo, nikamkumbuka."

Wakamfuata kwenda kuona. Kiboko akapokea mbele ya watu, kifua mbele, akaingia nalo ndani, akafunga mlango. Akafunua kawa. Akachungulia. Huko chini kabisa akaona kifurushi kimoja cha jani. Akakimeza na jani lake, gubu. Likabaki debe.

Desturi mnaijua, sina haja ya kuwafundisha. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kama huna kitu utatia ndimu mbili, utatia hata chumvi, lakini kitupu hakirudi. Na kijiji kizima kililiona debe likiingia.

Siku ya kwanza watu wakapita mlangoni. "Bwana Kiboko, debe la Pimbi vipi?"

"Nimelianika, halijakauka," akajibu kutoka ndani.

Siku ya pili wakapita tena. "Jua lote hili, bado halijakauka?"

Kiboko akaona haya. Siku ya tatu akatia kiganja kimoja cha mahindi makavu, akafunika kawa, akajitwika, akatoka. Angeweza kumtuma mtu, lakini sifa si zingekwenda kwa aliyetumwa? Akaenda zake, gude, gude, gude. Na debe juu ya kichwa likaenda nalo, kwara! kwara! kwara!

Kisimani ndoo zote zikasimama. Kanga akainama kuchota maji, akasema bila kumtazama mtu, "Debe tupu haliachi kuvuma."

Uso wa Kiboko ukamshuka. Akageuka, akarudi ghalani, akaongeza vibaba viwili. Akatoka tena, gude, gude, gude. Debe nalo, kwara, kwara, kwara. Watu wakatazamana. Kiboko akageuka, akarudi ghalani, akatia mpaka nusu. Gude, gude, gude. Debe likasema kwa chini, kwara, kwara. Hakuna aliyecheka, na kule kutocheka kulimuuma zaidi. Akageuka, akarudi ghalani, akatia mpaka juu, akashindilia kwa kiganja.

Gude, gude, gude. Debe kimya.

Hapo Kanga akapiga kigelegele.

Unasemaje, Mize? Angeyafunga kwenye jani kama Pimbi? Ndiyo, angeyafunga. Kama angekuwa na akili hiyo, hii ingekuwa ngano ya Kiboko. Chambua mchele.

Basi akalitua debe mlangoni kwa Pimbi. Watu wakamsifu wakatawanyika. Watoto wakaingiza mikono kwenye mahindi, wakayatafuna hivyo hivyo makavu, ka, ka, ka. Lakini Kiboko hakuondoka. Alisimama pale anakwaruza ardhi kwa mguu.

"Bi Pimbi, nikuulize neno."

"Niulize, jirani."

"Kwangu watu huja na shida zao. Chakula hajaniletea mtu tangu mama yangu alipokufa. Zile kunde nilizimeza, nikalia. Siku mbili sikutoka nje, nikiogopa watu wasije wakayaona macho yangu. Sasa niambie kweli. Ulinikumbuka?"

Yule mtoto mdogo akaacha kutafuna, akamtazama mama yake. Pimbi akatamani mawe yake yapasuke aingie.

"Nilikukumbuka, jirani," akasema.

Kiboko akashukuru, akashukuru tena, akaenda zake. Njiani hakutazama kama kuna mtu anamwona. Watoto wakala mpaka matumbo yakanyamaza. Mama yao alijaribu punje moja, ikamkwama, akaitema.

Funzo la ngano hii ni jepesi. Ukimpa mwenzio, mpe kwa moyo mweupe, usitazame kitakachorudi. Na debe, chukua kubwa.

Msinitazame hivyo. Mimi nilimpelekea Mama Hidaya kanga doti mbili alipokuwa kwenye eda, nikakaa kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, nikingoja mtu aulize zimetoka kwa nani. Hakuuliza mtu. Nikasema mwenyewe.

Ngano imekomea hapo. Tamu yake gawaneni, kali yake niachieni mimi.