Kiboko, Nguchiro na Kisanduku Kinachotafuna Maneno

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wa nyuma wanasinzia!

Pakawa, tuko macho, tupe!

Haya, pokeeni. Ila ya leo haichekeshi sana.

Kiboko alikuwa mkuu wa bwawa. Mkubwa, mwenye nguvu, mroho. Alikunywa kwanza, wengine wakanywa tope. Lakini mila ilikuwapo: kila kiangazi kikianza, mkuu husoma sheria iliyochongwa kwenye jiwe, na kumweleza yeyote anayeuliza. Akishindwa, anahama.

Kiboko alichukia kusoma. "Sentensi ndefu kama utumbo!"

Nguchiro, kadogo, kajanja, zamani alilisoma jiwe lote. Akamjia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuletea kisanduku cha akili mnemba. Kinatafuna maneno magumu, kinatema mepesi."

Akakielekeza kwenye jiwe. Kwaru, kwaru, pwi! Kikatema: "Maji ni yetu. Kunyweni."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, mzee."

Kiboko akacheka mpaka bwawa likamwagika. Wote wakakipenda kisanduku. Hata watoto wa swala, waliokuwa wakigugumiza, wakasoma, na mama zao wakalia kwa furaha. Sisemi uongo, ilipendeza. Kiangazi kikaja: kwaru, kwaru, pwi! Kingine kikaja: kwaru, kwaru, pwi! Jiwe likaota kuvu.

Siku moja ya kusoma, Nguchiro akakificha kisanduku.

"Mzee, leo soma jiwe lenyewe."

"Ma... maa..." Kiboko akakodoa macho, jasho likamtoka. Akashindwa. Akahama, pu! pu! pu! Nguchiro akawa mkuu. Hakuna aliyemwambia naye asome. Mwenye kisanduku ataulizwaje?

Mwaka ule mvua haikuja. Bibi Kanga akauliza, "Mkuu, maji yakipungua jiwe linasemaje?"

Nguchiro akasoma neno la kwanza. La pili. Kufika la tatu, la kwanza limemtoka. Miaka yote naye alikuwa akitafuniwa. Aibu ikamshika, akatoa kisanduku. Kwaru, kwaru, pwi!

"Maji ni yetu. Kunyweni."

Wakanywa. Wakanywa mpaka tope, mpaka vumbi. Wana wa Nguchiro wakafa wa kwanza, maana walikuwa wadogo. Akawazika chini ya jiwe, huku jiwe likisema wazi: maji yakifika magotini mwa korongo, mkuu afunge bwawa, kila mmoja apimiwe funda moja, waanze watoto, mpaka mvua irudi.

Ngano yangu imekauka hapo, mwenye mate aendelee.

Na funzo lake, wanangu: msihangaike na sentensi ndefu, zinachosha. Kufa kwa kiu ni rahisi, hata kusoma hakuhitaji.