Mzinga Uvumao Haujahamwa

Mzinga uvumao haujahamwa. Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi kwenye mkutano wa ushirika, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hamkukosea mlango. Yalipozaliwa nilikuwa nimekaa ubavuni pa aliyeyasema, tena nikiyapinga. Basi mwanzo wake ni huu.

Hapa Sikonge tulikuwa na kampuni yetu ya asali. Sisi warina asali wa kawaida ndio tulionunua hisa zake, huyu kumi, yule ishirini. Miaka mitatu mfululizo tulipata gawio zuri, na jina la kampuni likavuma wilaya nzima. Mwaka wa nne meneja, Bwana Kaseka, akatuita mkutanoni. Alisimama bila karatasi, akasema asali yote ya msimu ule imerudishwa na mnunuzi. Ilikuwa imewekwa ghala moja na tumbaku, ikashika harufu. Kosa ni lake, alisema, na gawio hakuna.

Kabla hatujatulia, mfanyabiashara mmoja wa mjini akatokea. Atanunua hisa kwa nusu bei, mwisho jioni ile ile. Hatukujiuliza habari zilimfikiaje upesi hivyo. Watu walianza kupanga foleni, na mimi nikiwemo.

Kalunde hakuinuka. Alikuwa mjane wa rafiki yangu, na hisa zake thelathini ndizo alizotegemea kumpeleka bintiye chuo cha uuguzi. Nilimwonea huruma, nikamfuata.

"Shemeji," nikamwambia, "ngoma ivumayo haidumu. Hii imeshapasuka. Chukua hiyo nusu."

"Hiyo ni ngoma, shemeji. Sisi tuna mzinga. Ukigonga gogo ukasikia nyuki wanavuma, unajua nini?"

"Kwamba wamo."

"Na ukigonga pakawa kimya?"

Kila mrina anajua mzinga ulio kimya ni mzinga uliohamwa.

"Miaka mitatu hatukuambiwa hata kwamba panya kaingia ghalani," akasema. "Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Leo mtu kasimama kataja kosa lake. Mzinga uvumao haujahamwa."

"Lakini unauma."

"Unauma. Ndiyo maana hatuuendei bila moshi."

Akasimama, akamwomba Bwana Kaseka atupeleke ghalani kabla mtu hajatia sahihi. Huko alimuuliza mapipa yaliyoharibika ni mangapi, na asali ya msimu ujao italala wapi. Bwana Kaseka akahesabu mapipa mbele yetu, akaonyesha chumba alichokwisha kukodi kwa mtengeneza mikate. Kalunde akauliza kama mnunuzi atarudi. Bwana Kaseka akasema hajui.

Baadaye Kalunde aliniambia ni jibu hilo la tatu lililomkalisha. Kama meneja angeapa kwamba mnunuzi atarudi, yeye Kalunde naye angepanga foleni.

Mimi niliuza. Sitawadanganya kwamba Kalunde alivuna kesho yake. Miaka miwili alikaa bila gawio, binti akabaki nyumbani akikaanga maandazi, na nilipopita pale nilijiona mwerevu. Mwaka wa tatu asali ikapata mnunuzi mwingine. Gawio lilikuwa dogo, lakini binti akaenda chuo. Ndiye yule muuguzi aliyewachoma chanjo nyote mlipokuwa wachanga, nanyi mkamlilia.

Na hela yangu? Niliipeleka kwa kampuni ya karanga. Kule mikutano ilikuwa mitamu: soda, biskuti, na habari njema tupu. Hakuna aliyewahi kutamka neno hasara, nami nikalala usingizi mnono. Kisha miezi minne ikapita hatujaitwa mkutanoni. Nikasema moyoni, kimya hiki ni cha watu wanaofanya kazi. Siku niliyokwenda ofisini kwao nilibisha hodi mpaka mkono ukauma. Mama muuza vitumbua wa jirani akanionea huruma.

"Baba, usijisumbue," akasema. "Hao walishahama."

Nilirudi kwa miguu, na njiani nikayasema maneno ya shemeji yangu kwa sauti, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza: mzinga uvumao haujahamwa.