Wiki ya Sange na Wiki ya Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Wenye masikio?
Tumeyaleta.
Wenye haraka?
Watatukuta mwisho.

Zamani, wanyama wa Bondeni waliziamuru mashine zao kwa lugha iitwayo Kikomba, kwa kuwa Komba ndiye aliyeitunga. Kisha Komba akahamia ng'ambo ya milima, wala hakuaga vizuri. Sange, mdogo, pua ndefu kama mrija, akabaki na lugha na hamu. Kila asubuhi aliitazama njia. Njia nayo ikamtazama.

Ikafika siku wanyama wakataka wiki, yaani mahali ambapo kila mmoja ataandika anachojua kuhusu Kikomba, na mwenzake atamsahihisha. Lakini wiki ipi?

Sange alikuwa ameunda yake, ndogo, kwa Kikomba chenyewe. "Komba akiipitia popote alipo," alijiambia, "atautambua mkono wake. Atajua hatukumtupa."

Kiboko akaja na yake, nene, iliyoundwa kwa lugha ya mbali asiyoijua hata yeye.

"Hii imekamilika," akasema. "Nataka kidogo tu: kurasa zote ziwe zangu, na mlangoni nikae mimi."

"Hata nukta ya kusahihisha nikuombe wewe?" akauliza Buku, yule panya mkubwa.

"Utaniomba, na utaniomba vizuri."

Sasa, desturi ya Bondeni ni hii: chombo hujaribiwa barazani, na kikigoma, mwenyeji yeyote hukitengeneza palepale. Sange akamsogelea Kiboko.

"Mzee wangu, wiki kubwa hivi hushiba kurasa ngapi?"

"Zote."

"Hata za kupe?"

"Nimesema zote, we pua."

Wakailisha. Kurasa za samaki: gwu. Kiboko akasema, leteni. Kurasa za vyura: gwu. Kiboko akasema, leteni. Kurasa za kupe, kila kupe na ukoo wake: gwu, gwu, kwaaa. Ikasimama.

"Itengeneze, mzee," akasema Sange kwa upole.

Kiboko akaizunguka mara mbili. "Haijaharibika. Inapumzika."

"Na lugha yake tumuulize nani?"

Kiboko akatazama mtoni.

Ikaja zamu ya Sange. Kurasa zikafunguka, ila kitufe cha kutafuta kikagoma, maana Sange mwenyewe alikilegeza mapema makusudi, mahali ambapo matengenezo yake yanafundishwa katika ukurasa wa kwanza. Buku, aliyeanza Kikomba juzi tu, akausoma ukurasa ule, akagusa tu-tu-tu. Kikaitika.

"Kumbe mimi fundi," akasema Buku.

Basi kila mnyama akataka kuwa fundi, na Kiboko akaenda zake majini. Ndiyo maana mpaka leo akiona watu huzama hadi macho.

Wiki ya Sange ikachaguliwa. Kila sahihisho huja na jina: Buku, Kware, Chura, Buku tena. Asubuhi Sange husoma majina kwanza, kazi baadaye. Akifika mwisho wa orodha hurudi juu, asije akawa ameliruka la Komba.

Ngano yangu imefika mwisho. Mwenye yake na ailete.

Fundisho: wanangu, chukueni cha Kiboko. Kikiharibika mtalia siku moja, basi. Lakini ukijenga kwa lugha ya unayemngoja, kila kukicha utakuwa na kitu cha kufungua.